Nilivyolinda dryer yangu ya pareto nikitafuta mwekezaji

Wakuu, salamu kutoka Nyamira.

Naona vijana wengi humu wanauliza: nina idea, nikimpelekea investor si ataichukua? Nawapa kisa changu mwenyewe, bila chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, ilijaa mashambani kuanzia Ikonge hadi Nyansiongo. Shida ilikuwa mvua. Maua yasipokauka upesi yanaoza. Ukiyakausha juu ya moto yananuka moshi, yanakataliwa.

Nikaunda dryer, mashine ya kukaushia. Moshi ulipita ndani ya mabomba ukatoka nje, maua yakapata joto safi. Ujanja wote ulikuwa jinsi mabomba yalivyopinda. Fundi akiyaona mara moja, ameelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu.

Niliijenga katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, kuikinga na mvua tu.

Baba, kwa furaha, akaitangaza soko zima la Ikonge. Habari zikamfikia Bwana Kanti, muuza mabati wa Kisii mjini. Huyo ndiye niliyemtaka. Bila mabati na karakana yake, ningebaki na mashine moja maisha yote.

Siku moja niko ndani, nikamsikia nje na fundi wake, wakiongea na Baba.

"Mzee, tuingize tuone," fundi akasema.

"Mimi? Nyumba ya mwanangu aliyeoa?" Baba akacheka. "Kwetu Wakisii baba haingii humo. Ni heshima."

"Basi tueleze ikoje."

"Sijaiona. Maua yanaingia yamelowa, yanatoka makavu. Mengine muulize mwenyewe."

Wakuu, nilisimama na trei ya maua makavu mkononi, moyo unadunda kwa furaha. Baba alikuwa ameitangaza kila mahali na siri bado ilikuwa yangu. Kumbe pitch, maneno ya kumvutia mwekezaji, ndiyo hiyo: sema inafanya nini, usiseme inafanyaje.

Nikatoka na ile trei. Bwana Kanti akavunja ua moja, akanusa, akanusa tena. Fundi tayari alikuwa ameshika futi ya kupimia.

"Fungua mlango, bwana."

"Tukitoka kwa wakili," nikamjibu.

 Bwana Kanti akamwambia fundi, "Weka futi mfukoni."

Wiki hiyo wote wawili walisaini: watakachokiona ni changu, hawatakiunda wala kumweleza mtu bila idhini yangu. Faida tutagawana. Ndipo nikafungua mlango.

Vijana, leo mna patent ya kulinda uvumbuzi, mna NDA, yaani mkataba wa kutunza siri. Mwoneni wakili mapema. Asiyetaka kusaini mwonyesheni matokeo tu, tena kwa upole, maana bado mnamhitaji.

Bwana Kanti alipotoka, uso unang'aa, alimkuta Baba mlangoni.

"Wewe sasa umeona. Niambie, ikoje?"

"Mzee, nimesaini," Kanti akasema. "Hata wewe siwezi kukuambia."

Haya, nani humu ana idea aliyoifungia chumbani? Tuambie inafanya nini. Inafanyaje, kaa nayo.