Samaki wa Mkia Mwekundu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Voi, mwanangu: mfereji umekauka siku ya nne, nami nimesimama mlangoni na mitungi miwili ya maji, sijui nimpe mama yako au nimpe samaki. Jana uliponionyesha kwenye simu yule samaki mdogo unayetaka kumnunua Mombasa, nilikurudishia simu upesi, ukadhani sijapendezwa. Kumbe nilimtambua.

Nilikuwa kijana fundi wa friji, nimeoa juzijuzi. Nilienda Mombasa kutafuta vipuri, nikamwona mmoja kama huyo dukani ndani ya tangi la kioo, urefu wa kidole changu. Muuzaji akaniambia ni kambare wa mapambo, hakui. Mimi mtoto wa kijiji kikavu cha Rukanga, samaki niliyemjua ni wa sokoni, tena ameshakaangwa. Ningejua nini? Nikapanda naye basi ndani ya mfuko wa maji, nimempakata njia nzima.

Jirani yetu Mzee Elijah, mtu wa Taveta, alikuwa amefuga samaki kwenye mabwawa maisha yake yote. Akaja kumwona, akainama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

"Kijana, huyu si kambare wetu," akasema. "Wetu pezi lake la mgongoni ni refu, linakwenda mpaka karibu na mkia. Huyu lake fupi. Hesabu sharubu: wetu nane, huyu sita. Na huu mstari mweupe ubavuni, na huu mkia mwekundu! Kwao ni mito mikubwa ya Amerika Kusini. Atakuwa mrefu kuliko hii meza yako, na atameza chochote kinachoingia mdomoni. Kuna hoteli huko pwani ina bwawa kubwa. Mpeleke angali mdogo."

Nilicheka. Kichwa kilikuwa kimenivimba siku zile, nikamjibu kwamba nitanunua tangi kubwa zaidi.

Wiki hiyohiyo samaki sita wadogo ambao mama yako aliwaweka naye ndani ya kioo wakatoweka. "Wangu wako wapi?" akauliza mama yako Wakesho, kisha akatazama tumbo la yule bwana, akapata jibu.

Lakini nilimpenda, mwanangu, nisikufiche. Nikirudi kazini alikuja kwenye kioo, sharubu mbele, akala vipande vya samaki mkononi mwangu. Mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua, ila mbele yake nilisimulia siku yangu yote. Akakua. Tangi la pili likajaza sebule, viti vya mama yako vikahamia barazani. Samaki wa namna ile anakula sana na kuchafua sana, kwa hiyo maji yalitaka kubadilishwa kila mara, na maji ya Voi unayajua.

Basi asubuhi ile, dada yako Mghoi akiwa mchanga, nepi zimejaa beseni, nikasimama na mitungi yangu.

"Baba Mghoi," mama yako akasema taratibu, "mimi sishindani na samaki. Lakini hebu mwangalie mgongo."

Nikamwangalia. Mgongo ulikuwa umepinda, umefuata kona ya tangi. Nilikuwa nimemtazama kila siku kwa mapenzi yangu yote, na sikuwa nimeliona hilo.

Mitungi nikamwachia mama yako, nikaenda kwa Mzee Elijah. Hakunisema. Alinisaidia kutafuta pipa na pikapu, tukampeleka pwani. Tulipomwachilia bwawani alizama, akaibuka, akaogelea hatua mbili tatu, akageuka. Akaenda tena hatua zilezile, akageuka, na maji yamemzunguka pande zote.

"Maji atayazoea," Mzee Elijah akasema. "Mgongo hautanyooka."

Miaka imepita. Mzee Elijah ametutoka, na ile hoteli ilishafungwa. Lakini jioni nikiingia ndani, macho bado yananipeleka kwenye ile kona ya sebule, kumtafuta. Mama yako hunicheka.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujamnunua, mtazame pezi, hesabu sharubu, uulize atakuwa na ukubwa gani akikomaa. Kama huna bwawa pana lenye maji ya joto, safi na ya kutosha, mwache dukani hata kama moyo unakuuma. Na ukishakuwa naye akakushinda, usimtupe Mto Voi wala Ziwa Jipe akamalize samaki wa wenzako. Mtafutie mwenye nafasi mapema, usingoje kama nilivyongoja mimi. Nilidhani kumpenda kunatosha. Hakukutosha.

Mungu akupe nyumba isiyokaukiwa na maji. Akupe macho ya kuona mapema. Na kila utakachokipenda kikue mkononi mwako kikiwa kimenyooka.