Kahawa ya Mwenyekiti

Ti, ti, ti. Mdomo wa dele la kahawa ukigonga finjani, sauti hiyo ningali naisikia. Juzi, kwenye mkahawa wa Al Khuwair, nilimwona mgeni akijaziwa kahawa tu, hajui kwamba huku Omani ukitosheka unaitikisa finjani. Nikacheka mwenyewe, nikamkumbuka Mzee Haji.

Alitujia Sib alasiri moja, akitokea Unguja. Sebule ilinukia udi na iliki. Bibi yangu alimpokea kwa tabasamu ambalo sijaliona tena, akammiminia kwa mkono wake. Finjani ya nne mgeni akasema, "Basi, Bi Zuwena. Moyo unanenda mbio."

"Huku basi haisemwi kwa mdomo, mwenyekiti," Bibi akajibu, akamjaza.

"Husemwaje?"

"We kunywa. Ntakwambia."

Nilitaka kumwonyesha, maana jasho lilimtiririka, masikini. Bibi akanifinya. Nikadhani hayo ndiyo mapenzi ya watu wa zamani. Alikunywa kumi na moja.

Sasa najua. Zama za chama kimoja, Bibi angali Unguja, yeye ndiye mwenyekiti aliyegawa sukari mtaani kwao. Bibi alisimama foleni juani na mimba ya mama yangu, na kila akiuliza zamu yake anajibiwa, "We simama. Ntakwambia." Hakuambiwa mpaka sukari ikaisha.

Vyama vikawa vingi, yeye akawa mgeni wetu. Ile ya kumi na moja hunifurahisha mpaka leo.

Alasiri ile alipoondoka niliingia jikoni peke yangu, nikaiosha finjani yake, nikaiweka nyuma ya kopo la sukari, akirudi aikute.