Meinir Hasemi Mpaka Aulizwe

Daktari Emrys alipoiuza zahanati yake ya mifugo kwa kampuni ya London, jina lake liliachwa mlangoni ili tusishtuke. Tukashtuka tulipofika kwenye kulipa.

Meinir wa mapokezi naye aliachwa kazini, na sauti yake ya kuamsha mtaa. Ila alikatazwa kutuambia kwamba mteja anaweza kuomba cheti cha dawa, akanunue kwingine kwa nusu ya bei. Aseme tu akiulizwa.

Siku hiyo nilimpeleka mbwa wangu mzee, magoti yamemwisha. Kuiona bei ya vidonge, nikawaka. "Huu si wizi?"

"Hilo ndilo swali lako?" akasema Meinir. "Uliza lingine, dada."

"Lipi?"

"La cheti."

"Cheti gani tena?"

"Jamani! Mbwa wako angekuwa ameshauliza!"

Nikauliza. Akanijibu kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni, na kila aliyekuwa kwenye foleni akauliza vilevile.

Baada ya wiki chache bosi akaja kutoka London, suti imemkaa, kutaka kujua kwa nini dawa hazitoki.

"Umewaambia wateja?"

"Mimi? Wameuliza, nikajibu. Si ndivyo mlivyoagiza?"

Hapo hapo mzee Gwilym akaingia na paka wake kwapani, akapaza sauti tangu mlangoni:

"Meinir, mwanangu, leo tunauliza nini?"