Ugonjwa Wake Aliambiwa Mwajiri

Juzi, nikingoja sindano katika hospitali moja hapa Nakuru, nilimwona daktari akimpima mama mmoja mchuma pareto kutoka Dundori. Alipomaliza, alimgeukia memsahib, bibi wa Kizungu mwenye shamba, aliyemleta, akamweleza kwa Kiingereza kwamba ni kansa ya tumbo la uzazi, imeenea, haina dawa tena.

Mama akamgusa mkono dresa, msaidizi wa daktari. "Amesemaje?"

"Upumzike tu, mama. Ni tumbo."

Sikuweza kunyamaza. "Mama, ni kansa. Ni uvimbe unaokula mwili kwa ndani, na daktari amesema hawezi kuuzuia."

"Wewe msichana, nani amekuita?" dresa akafoka.

Mama hakulia. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwa. "Asante, binti. Afadhali nijue, niwatafutie watoto mahali."

Chuoni tunabishana kama Mwafrika yuko tayari kujitawala, na huku hata habari ya kifo chake anawekewa na mwajiri!

Mama akamwendea memsahib. "Naomba ruhusa niende Molo kwa dada yangu."

Memsahib alikuwa akifuta machozi, tena ya kweli. Akamshika bega.

"Pole sana," akasema. "Kwanza pareto kwisha chumwa, basi wewe kwenda."