Vyumba Sita vya Mwalimu Absalom

Maximilla Nasike alikwenda Maseno kupika kwa miezi mitatu tu, wakati mke wa Mwalimu Absalom alipokuwa mgonjwa. Mama yule akafariki, mwalimu akamwomba abaki kidogo, na hicho kidogo kikawa miaka ishirini na miwili.

Nyumba ilikuwa nje ya mji, nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu, katikati ya ekari saba. Mwalimu naye alipozikwa kando ya mkewe, watoto walirudi Nairobi na ng'ambo, wakamwachia Maximilla funguo. Walimwambia ni kwa muda tu, mpaka wakubaliane la kufanya. Sasa ulikuwa mwaka wa sita.

Kila asubuhi alifungua madirisha ya vyumba sita ambavyo hakuna aliyelala ndani yake. Alikwangua njia za mchwa kwenye miimo ya milango, akafagia mavi ya popo yaliyodondoka kutoka darini. Mvua ilipoanza kutisha mchana, alizunguka tena kufunga madirisha. Lakini nyasi ndizo zilizomchosha zaidi. Akimaliza kufyeka upande wa mikalatusi, za upande wa makaburi zilikuwa zimeshamfika magotini, na magoti yenyewe yalikuwa yameanza kumkatalia.

Mwezi wa Agosti Rachael, kifungua mimba wa mwalimu, alikuja kutoka Nairobi. Alipiga picha kila pembe, akalia kidogo katika chumba cha babake. Kisha akaketi jikoni na kumweleza Maximilla kwamba wamekata shauri: hawauzi. Watakuwa wakija Krismasi. Na yeye asiwe na wasiwasi, hapa ni kwake maisha yake yote.

Akangoja ashukuriwe. Maximilla alikuwa akichambua kunde. Aliendelea mpaka rundo likaisha, maana alijua akiinua macho hatalisema lililo moyoni.

"Rachael mwanangu, mimi nataka kwenda nyumbani."

"Kupumzika? Chukua hata mwezi, Mama."

"Kwenda kabisa."

Rachael aliuliza kama kuna aliyemkosea. Hakuna. Kama anaumwa. Hapana, ni magoti tu. Maximilla alitamani kumweleza jinsi mtu anavyochoka kuamka kila siku kwa ajili ya vyumba, lakini maneno hayakuja vizuri, akasema tu kwamba amechoka.

"Sasa nani atakaa hapa?"

"Hilo ni lenu, wenye nyumba."

Rachael alinuna siku mbili. Siku ya tatu alichukua fyekeo mwenyewe, akarudi kabla ya saa nne na viganja vimechubuka, na hakuuliza tena. Alikaa wiki mbili zaidi ya alivyopanga, mpaka akapata mtu na mkewe kutoka mji jirani wa Luanda waliokubali kuishi pale.

Maximilla aliondoka Alhamisi na mifuko miwili. Kwao Nambale, katika nyumba aliyoachiwa na mamake, kaka yake Wandera alikuwa amejaza magunia ya mahindi chumba kizima. Alijitetea kwamba hakujua kama dada yake angerudi kweli. Hawakugombana. Waliyatoa pamoja, wakatandika godoro. Maximilla alilala tangu saa tisa mchana mpaka kesho yake jua likapanda, na alipoamka mwili ulikuwa bado mzito, akageukia upande wa pili.