Kikombe Kilichonenepa

Mimi ni mkemia wa maabara ndogo hapa Shinyanga. Mtaani wananiita Dokta, nami sijawahi kulikataa jina hilo kwa sauti ya kusikika.

Kazi yangu ni kupima jinsi chumvi ya zebaki kutoka machimbo ya Geita inavyogeuka mvuke. Naifungia ndani ya kikombe cha chuma, kidogo kama kizibo cha soda, chenye kitundu juu. Nakipasha moto, kisha nakipima uzito. Kilichopungua ndicho kilichotoka kama mvuke.

Juzi, baada ya chakula cha mchana, nikakuta kikombe kimeongezeka uzito. Nikakigeuzageuza, nikakipima tena: kimeongezeka zaidi! Mtu mwenye akili angejishuku. Mimi nilimpigia simu mama yangu kule Mhunze, akapiga vigelegele bila hata kuuliza kuna nini.

Nikamkimbilia mkuu wetu, Mama Rhoda.

“Shikamoo mama! Nimevumbua jambo!”

“Marahaba. Hongera sana,” akasema, akanipa mkono. Nikaushika kwa mikono yote miwili.

Nilipomwachia, akautazama mkono wake, akaunusa.

“Donatus, mchana ulikula sato wa kukaanga?”

“Ndiyo, mama.”

“Na kikombe ulikishika kwa koleo?”

Nikatazama vidole vyangu. Viling'aa mafuta.

Hakunigombeza. Alinionyesha tu kwa kidole karatasi iliyobandikwa mlangoni: NAWA MIKONO. KIKOMBE KISHIKWE KWA KOLEO. Mwandiko ni wangu, na chini yake nimesaini kwa madaha: Dokta Donatus.