Siku Nilipompita Mkwe kwa Gia ya Kwanza

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na nisingeitoa leo kama si wajukuu wa rafiki yangu Shomari kuisimulia vibaya huko mitaani, eti mie nilikimbia harusi yangu mwenyewe. Kukimbia sikukimbia, ila sikatai kwamba kwa aliyekuwa amesimama pembeni siku ile ilionekana hivyohivyo, na waliokuwa wamesimama pembeni walikuwa wengi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi wa pikipiki kwenye gereji moja ya mjini, nikikaa Temeke kwa Mjomba Pazi aliyenilea tangu mama afariki. Nilikuwa nimeposa Mtoni, kwa Mzee Kondo, mwenye duka dogo kando ya barabara ya Kilwa, na binti mwenyewe akiitwa Tatu. Posa ilisumbua. Mzee Kondo hakuwa na neno na mie wala na ukoo wetu, neno lake lilikuwa na magurudumu, maana binti yake mkubwa, Zuhura, aliolewa na dereva wa lori, dereva akakaa naye mwaka mmoja, kisha asubuhi moja akasema anapeleka magunia ya chumvi Lindi, na mpaka siku naposa mie, mwaka wa nne huo, alikuwa bado yuko njiani. Kwa hiyo nilipotaja kazi yangu mzee alininyamazia mpaka kahawa ikapoa. Alikubali baada ya mjomba kwenda mara tatu na kumwapia kwamba kijana wetu anavitengeneza tu hivyo vyombo, havipandi.

(Hapo ndipo mwenye akili angejua la kufanya siku ya harusi. Angekwenda kwa miguu, chini ya mwavuli, katikati ya ndugu zake.)

Lakini Tatu alikuwa ameniletea salamu kwa mdomo wa shangazi yake kwamba akiwa ndani na pikipiki ikapita barabarani huwa anaacha anachofanya, akajiuliza kama ni mie. Maneno hayo yalinilevya, sina jina jingine. Na gerejini kulikuwa na dude moja la silinda moja kubwa, mali ya Mzungu wa shamba la mkonge aliyeliacha litengenezwe, moto wake ukiwaka vikombe vinatikisika rafuni. Nikamwambia tajiri yangu nalipeleka nyumbani kulijaribu. Hakuuliza kulijaribu kwa kitu gani.

Sasa niwaeleze kasoro ya dude lile, maana ndiyo iliyonila. Halikuumbwa kwenda pole. Ukilitia gia ya kwanza, hata mafuta umeyafunga, linakwenda mwendo wa mtu anayekimbia kuwahi mazishi, na ukitaka liende mwendo wa watu ni lazima uibane klachi nusu na kuiachia nusu, bana, achia, bana, achia, njia nzima, kwa mkono wa kushoto. Waya wa klachi ile ulikuwa umekatika, mpya haujafika, nikauunga mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha, nikaupaka grisi, nikauangalia na kujisifu. Mganga hajigangi, wamesema wazee, na fundi naye ndivyo.

Baada ya sala ya alasiri zefe ilikusanyika uwanjani kwetu, matari yakiwambwa juani, mie nimevaa kanzu ya darizi, joho la kuazima na makubadhi mapya. Mjomba Pazi akatoka, akaliona dude.

"Sefu, hicho nini?"

"Pikipiki, mjomba."

"Naona ni pikipiki. Inafanya nini harusini?"

Nikamweleza kwamba nitakwenda polepole, katikati ya watu, na kwamba mzee akiniona nimekitawala chombo kikubwa namna ile kwa utulivu, hofu yake yote itakwisha. (Niliyaamini haya wakati nayasema.) Mjomba akasema, "Basi uende mwendo wa watu. Ukizidisha hatua moja, umenitia uongo kwa mzee mwenzangu."

Shomari akanivuta pembeni. "Zima moto, sie tutakusukuma. Utaonekana umepanda vilevile."

Hilo ndilo shauri la maana pekee lililotolewa siku ile, na mie nililikataa, kwa sababu pikipiki inayosukumwa haingurumi, na ndani ya nyumba ya Mtoni kulikuwa na mtu anayesikiliza. Nikapiga kiki, nikatia gia, tukaondoka.

Mwendo wa zefe mnaujua. Hatua tatu mbele, kusimama, kasida beti mbili, akina mama wanatoka kwenye nyumba kutunyunyizia marashi, vigelegele, hatua tatu nyingine. Mie juu ya dude, magoti nje, kanzu imepanda mpaka mapajani, miguu inakwaruza chini huku na huku kama bata, mkono wa kushoto bana, achia, bana, achia. Tulipofika nusu ya njia vidole vilikuwa vimekufa ganzi na injini imepata moto wa kuchoma muhogo, shavu la mguu wa kulia linaungua na siwezi kuondoa mguu kwa sababu nitaanguka, na kila dude likiruka kidogo wapiga matari walio mbele yangu wanageuka kuniangalia kwa jicho la watu wasiolipwa kwa kazi ile. Marashi yaliyoniangukia yaliishia kwenye ekzosi. Nilinuka, nadhani, kama udi uliounguza chungu.

Zikabaki kama nyumba kumi. Nikaiona mikeka imetandikwa nje kwa Mzee Kondo, shehe amekaa, na mzee mwenyewe amesimama kizingitini akinitazama, na uso wake, nasema kweli, ulikuwa umeanza kulegea. Alikuwa ananiona nakwenda pole. Nikanyoosha mgongo.

Mkono wa klachi ukawa mwepesi. Haukulia wala nini, ulinijia tu vidoleni bila uzito, waya umeachia pale nilipouunga, na dude likaruka. Wapiga matari wakapasuka huku na huku. Nikataka kufunga mafuta, lakini mkono wa joho ulikuwa umejisokota kwenye mshiko, na kila nilipouvuta kujinasua ndivyo nilivyozidi kuyafungua. Nikatafuta breki kwa mguu, kubadhi likanivuka, nikawa nakanyaga kanzu. Nilipita mbele ya mikeka kwa gia ya kwanza, injini inalia kama inachinjwa, kilemba kimenifunika jicho moja, na kwa jicho lililobaki nikaonana na Mzee Kondo. Nilimwamkia. Sijui kwa nini. Nilisema "Shikamoo, baba," nikapita.

Nikashuka mteremko, nikavuka daraja, nikapanda upande wa pili, kule kwenye njia ya Mbagala, njia ileile aliyoishika dereva wa lori. Nyuma yangu nilisikia sauti ya mwanamke, baadaye nikaambiwa ni Zuhura, "Naye huyo anakwenda." Mbele kidogo kulikuwa na mchanga kando ya shamba la mihogo, nikaligeuzia dude huko kwa makusudi (hilo ni jambo moja nililofanya kwa akili), likazama mpaka kwenye ekseli, likazima.

Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani. Akanitazama mavazi, akanyoosha kidole nilikotoka. "Harusi iko upande ule, mwanangu."

"Najua, mama," nikamwambia.

Dude la watu siwezi kuliacha porini, na kulipanda tena bila klachi nikapita pale mara ya pili, hilo sikuthubutu hata kulifikiria. Nikalisukuma. Kutoka mchangani, kupandisha, kuteremsha, kupandisha tena, peku mguu mmoja, jasho linaingia machoni. Na katika kusukuma ndipo uchungu wenyewe uliponiingia, kwamba kila dakika ninayochelewa ni ushahidi dhidi yangu, na kwamba nampoteza Tatu kwa mwendo wa kinyonga baada ya kumpita kwa mwendo wa treni. Nililia kidogo. Mchanganyiko wa jasho ulinisitiri.

Nilipofika, mikeka ilikuwa imekunjwa. Matari yako chini. Mjomba Pazi ameketi peke yake kwenye gogo, hanitazami. Shehe alikuwa ameshika bakora yake tayari kuwahi magharibi msikitini. Mzee Kondo akaniangalia kuanzia mguu wenye kubadhi mpaka usio na kubadhi.

"Mkwe wangu wa kwanza alikaa mwaka ndipo akashika njia ile," alisema. "Wewe hata kuketi hukuketi."

Shehe ndiye aliyesema, taratibu, "Mzee Kondo, anayetoroka harudi anasukuma mzigo. Mwulizeni binti. Akikataa tutakwenda kusali, akikubali tutamaliza kabla ya adhana."

Mkeka mmoja ukakunjuliwa. Mzee na shehe wakaenda kwenye pazia la chumba cha ndani, mlango wa mbele ukiwa wazi na watu wote kimya. Mnajua ada. Mwari huulizwa kama ameridhia, naye hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo idhini. Hakuna anayetarajia kusikia sauti. Shehe akauliza. Tukasubiri unyamavu.

"Mwulizeni," Tatu akasema, "alikuwa anakwenda wapi."

Shehe akarudi mlangoni akanikariria swali, ingawa mtaa mzima ulishalisikia. Na mie, niliyekuwa nimeandaa njia nzima maneno ya kumlaumu Mzungu, na risasi, na joho la watu, nikajikuta nimesema kila kitu. Nikasema nilikuwa nakuja hapa. Nikasema chombo si changu, waya niliunga mimi, rafiki zangu walitaka kunisukuma nikakataa, kwa sababu nilitaka asikie ngurumo ajue ni mie. Nilisema mbele ya wakwe, mbele ya mjomba, mbele ya wapiga matari. Shomari aliinama akashika tumbo kwa kicheko, mnafiki yule.

Ikaja sauti ileile kutoka ndani, "Nilisikia ikija. Nikasikia ikipita." Ikanyamaza.

Shehe akauliza mara ya pili kama ameridhia. Safari hii hakusema kitu. Tulikaa tukausikiliza unyamavu ule, mie nikiuogopa usije ukavunjika, mpaka shehe akageuka akasema, "Karibu, bwana harusi. Keti."

Niliketi. Mzee Kondo akaketi mbele yangu, goti kwa goti, akanishika mkono wa kulia kama nikaha inavyotaka, mkono wenyewe mweusi kwa grisi, akaniozesha, nikakubali, dua ikasomwa, watu wakaitikia amina. Dua ikaisha. Mzee hakuniachia. Adhana ikaadhiniwa, tukainuka kwenda msikitini naye amenishika, akaniachia kwa udhu na sala tu, kisha akanishika tena. Tuliporudi sinia la pilau likawekwa mbele yetu, watu wakanawa, wakaanza kula, na mkono wangu wa kulia bado umo katika mkono wake, naye anaongea na shehe habari za bei ya sukari kana kwamba hana habari. Mjomba Pazi akanionyesha kwa macho kwamba nitulie. Kwa mkono wa kushoto hali mtu, na kuomba niachiwe sikuweza, basi nilikaa pale na njaa yangu nikiangalia sinia likipungua, mpaka mzee mwenyewe alipoona inatosha.

Tangu siku hiyo, kwa anayenisubiri naenda kwa miguu.